Hitilafu za Pawa Saplai: Kupima au Kupiga Ramli?

Ruta ya CNC inaposimama katikati ya kazi, mshtakiwa wa kwanza huwa pawa saplai. Hushtakiwa kabla ya kuulizwa, huhukumiwa kabla ya kupimwa, na mara nyingi hung'olewa siku hiyo hiyo. Nyingine hununuliwa, hufungwa mahali pake, na ruta huanza tena kuchonga mninga kwa muda wa dakika kumi. Kisha husimama vile vile kama jana. Hapo ndipo fundi huanza kulalamika kwamba siku hizi vitu vya dukani ni vibovu. Huenda kweli ni vibovu. Lakini huenda pia pawa saplai ya kwanza ilikuwa nzima, na ya pili ni nzima, na kosa limekaa kimya mahali pengine, katika skrubu iliyolegea au kiendeshi kilichoungua, likiingoja ya tatu.

Jambo hili lingekuwa dogo kama lingehusu fedha za mtu mmoja tu. Lakini katika karakana yenye ruta moja, kila wiki inayopotea ni wiki ya vijana kukaa wakiitazama mashine iliyofunikwa turubai. Zaidi ya hayo, ndani ya kisanduku kile cha bati mna umeme unaoweza kuua, na mwanafunzi mwenye bisibisi mkononi na dhana tupu kichwani ndiye aliye karibu zaidi na kifo hicho. Rai ya makala haya ni kwamba shule isiyofundisha namna ya kuitafuta hitilafu kwa kupima haijafundisha umeme, hata kama wanafunzi wake wanaikariri Sheria ya Ohm bila kukosea herufi moja.

Kwanza ni vyema ielezwe mashine yenyewe. Ruta ya CNC ni mashine ya kuchonga mbao, plastiki na metali laini, ambayo mwendo wa kisu chake huongozwa na namba zinazotoka katika kompyuta. Asili yake ni viwanda vya ndege vya Marekani. Wazo lilitokana na John T. Parsons, na mashine ya kwanza ya kusaga metali kwa kuongozwa na namba ilionyeshwa mwaka 1952 katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, ikisoma maagizo yake kutoka katika utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Mashine za namna hiyo zilikuwa za viwanda vikubwa kwa miongo mingi. Mambo yalibadilika pale vipande vidogo vya kompyuta vilipokuwa rahisi. Mwaka 2009 Simen Svale Skogsrud wa Norway alitoa bure programu ya Grbl, inayoweza kuendesha mashine yenye mihimili mitatu kwa kutumia bodi ndogo ya Arduino. Tangu hapo mtu mwenye subira na meza imara anaweza kujiundia ruta nyumbani.

Katika ruta kama hiyo, kazi ya kusogeza kisu hufanywa na mota za hatua. Mota ya kawaida ya aina hii huzunguka nyuzi 1.8 kwa kila hatua, hivyo hatua 200 hukamilisha mzunguko mmoja. Bodi ya kuongozea huhesabu hatua inazoziagiza. Lakini katika ruta nyingi za nyumbani bodi hiyo haina njia yoyote ya kujua kama mota imezitimiza. Hapa pana jambo ambalo mwalimu anapaswa kulikazia, maana ndipo wengi wanapopotea. Pawa saplai iliyodhoofika si lazima iizime mashine. Umeme ukipungua kwa sehemu ndogo ya sekunde wakati daraja la mashine linapokimbia, mota hushindwa, hukosa hatua kadhaa, kisha huendelea kwa utii kama kwamba hakuna kilichotokea. Taa zote zinawaka. Feni inazunguka. Ila mraba uliokusudiwa hutoka si mraba, na mwanafunzi huambiwa kwamba alikosea kuchora.

Pawa saplai zinazotumika zaidi siku hizi ni zile za kukatakata umeme. Hupokea umeme wa ukutani, ambao ni mkondo geu, yaani unaobadili upande wake mara kwa mara, na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa upande mmoja. Umeme wa volti 230 ukinyooshwa na kuhifadhiwa katika kapasita hufikia kilele chake, yaani volti 230 mara 1.414, ambazo ni kama volti 325. Umeme huo hukatwa na transista makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, hupitishwa katika transfoma ndogo, hunyooshwa tena, na kutoka upande wa pili ukiwa volti 24, 36 au 48. Kisanduku kilichoandikwa wati 400 na volti 48 kinaahidi mkondo wa ampea 8.3 tu. Ahadi hiyo ndiyo inayopaswa kuchunguzwa.

Sasa ichukuliwe hali ya kawaida kabisa. Ruta imesimama, fundi anafungua nyaya zote, anawasha pawa saplai peke yake na kuweka multimita. Inasoma volti 48. Anatangaza kwamba ni nzima. Fundi mwingine, mwenye ruta ya namna hiyo hiyo, anapima nyaya zikiwa zimefungwa, anapata volti 20 zinazopanda na kushuka, na kutangaza kwamba imekufa. Wote wawili wamepima, na wote wawili bado wanapiga ramli, kwa sababu kila mmoja amepima mara moja tu. Volti 48 bila mzigo zinaonyesha tu kwamba kisanduku kinaweza kusimama kikiwa hakijabeba kitu. Volti 20 zenye kuyumba huenda zinaonyesha kwamba kisanduku kinajilinda: pawa saplai nyingi, zikiona mkondo umepita kiasi, hujizima, husubiri kidogo, hujaribu tena, na kujizima tena. Taa yake ndogo hukonyeza na wakati mwingine husikika sauti ya tik-tik. Dalili hiyo mara nyingi ni ya kisanduku kizima kinachokataa kulisha kitu kibovu kilicho mbele yake.

Njia ya kuamua kati ya wawili hao ni kugawa nusu kwa nusu. Umeme ukiwa umezimwa kabisa, viendeshi vyote vya mota pamoja na mota ya kisu hutenganishwa na pawa saplai, kisha hurudishwa kimoja kimoja, na kila kinaporudishwa volti husomwa na kuandikwa. Ikiwa volti 48 zimesimama imara kwa kiendeshi cha kwanza na cha pili, na zikaanguka mara tu cha tatu kilipofungwa, basi pawa saplai imejitetea mahakamani kwa ushahidi wa kutosha. Kazi hiyo huchukua robo saa. Inahitaji multimita ya bei ndogo, karatasi na kalamu. Wala haihitaji mtu yeyote kufungua kisanduku, kwa kuwa vipimo vyote vimefanyika upande wa volti ndogo.

Ikiwa pawa saplai imesimama vyema na mota zote za hatua, lakini inaanguka pale mota ya kisu inapowashwa, kosa huenda lisiwe la kifaa chochote, bali la hesabu. Mota ya kisu inapoanza kutoka kusimama huvuta mkondo mkubwa kuliko ule ulioandikwa ubavuni mwake, kwa sababu haijaanza kuzunguka na hivyo haijazalisha volti za kuupinga umeme unaoingia. Mwenye ruta aliyenunua kisanduku cha wati 400 kwa ajili ya mota ya kisu ya wati 400, na juu yake akaongeza mota tatu za hatua, hana hitilafu ya kutafuta. Alipungukiwa siku ya kununua.

Kuna kosa jingine ambalo ni mwalimu mzuri kuliko yote, nalo ni kiungo kilicholegea. Nyaya za ruta hufungwa kwa skrubu, na mashine hutikisika kutwa nzima. Kiungo kilicholegea kikafikia ukinzani wa omu 0.1 tu, mkondo wa ampea 8 ukipita, hupotea volti 0.8 na huzaliwa joto la wati 6.4 katika sehemu ndogo kama ukucha. Plastiki hubadilika rangi, kiungo huzidi kulegea, ukinzani huongezeka, joto nalo huongezeka. Mwanafunzi akijaribu kuutafuta ukinzani huo kwa kuzungusha multimita kwenye omu hatauona, maana nyaya za multimita zenyewe zina ukinzani wa kiasi hicho au zaidi. Lakini akiiacha mashine ifanye kazi, akaziweka ncha za multimita pande mbili za kiungo na kusoma volti, Sheria ya Ohm ile ile aliyoikariri inakuwa jicho la kuonea kisichoonekana. Inafaa kuuliza ni shule ngapi zinazomfikisha mwanafunzi hapo. Mara nyingi sheria hiyo huishia katika maswali ya mtihani ambamo betri haina kasoro, waya hauna ukinzani, na jibu ni namba nzima.

Yapo pia makosa yanayosemwa sana kuliko yanavyostahili. Wenye ruta hupenda kusema kwamba mota zinaposimama ghafla hugeuka kuwa majenereta, hurudisha umeme katika pawa saplai na kuiua. Wazo hilo lina ukweli wa fizikia. Katika mashine inayoendeshwa kwa mikanda, mtu akilisukuma daraja kwa mkono haraka wakati umeme umezimwa, taa ndogo za viendeshi huweza kuwaka, na hilo ni onyesho zuri darasani. Lakini fizikia ni pamoja na hesabu. Daraja la kilo 10 likienda mita 5 kwa dakika lina nishati ya mwendo isiyozidi juli 0.035. Kapasita ya mikrofaradi 1,000 iliyojaa volti 48 ina juli 1.15. Hata kama nishati yote ya daraja ingerudi katika kapasita hiyo bila kupotea, volti zingepanda kwa chini ya volti 1. Kwa ruta ndogo, basi, sababu hiyo ni nyepesi. Inakuwa nzito kwa mashine kubwa, na kwa yule aliyechagua pawa saplai ya volti 48 ilhali kiendeshi chake kina kikomo cha volti 50, asijiachie nafasi ya kupumua.

Uzee wa kapasita, kwa upande mwingine, hausemwi vya kutosha. Kapasita za maji, yaani zile zenye kimiminika ndani yake, hukauka kwa joto. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba umri wake hupungua kwa nusu kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 za Selsiasi. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 itadumu kama saa 32,000 ikifanya kazi katika nyuzi 65. Lakini ikipandishwa hadi nyuzi 85 itadumu saa 8,000 tu. Nyuzi 20 hizo si jambo la ajabu katika karakana ya mbao. Vumbi la msumeno huziba feni na matundu ya hewa, na kisanduku ambacho mwenyewe alikificha chini ya meza ili kisipigwe vumbi hukosa hewa kabisa. Hata pasipo joto, kapasita iliyotengenezwa vibaya haidumu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kompyuta nyingi ulimwenguni ziliharibika mapema kwa sababu ya kapasita zenye kimiminika kibovu, zikavimba vichwa na kutoa uchafu wa rangi ya kahawia. Dalili ya kuvimba inafaa kukumbukwa. Lakini kapasita inaweza kukauka bila kuvimba, na hapo macho hayasaidii.

Umeme wa ukutani nao una sehemu yake. Jioni, watu wengi wanapopika na kuwasha taa, volti hushuka. Pawa saplai ya kizamani yenye transfoma kubwa, dayodi nne na kapasita hushuka pamoja nazo: umeme ukipungua kwa asilimia 15, volti 48 huwa takriban 41. Pawa saplai ya kukatakata hutenda kinyume. Hushikilia volti 48 zake bila kutetereka, lakini kwa gharama ya kuvuta mkondo mkubwa zaidi kutoka ukutani. Wati 400 kwa volti 230 ni ampea 1.74, kwa volti 180 ni ampea 2.22, bila kuhesabu hasara za ndani. Kwa hiyo kisanduku hupata joto zaidi wakati ule ule ambapo mwenyewe anaamini kwamba kila kitu kiko sawa, maana multimita yake inasoma 48.

Katika mambo yote ya pawa saplai, lipo moja ambalo lingestahili kuandikwa kwa rangi nyekundu katika kila karakana ya Afrika Mashariki. Pawa saplai nyingi za bei nafuu zina swichi ndogo ubavuni, iliyojificha ndani ya tundu, yenye maandishi 115 na 230. Imewekwa kwa sababu nchi hazilingani: Marekani hutumia volti 120, Japani 100, Tanzania 230, Kenya 240. Ndani ya kisanduku mna kapasita mbili zilizofuatana, na kila moja mara nyingi huvumilia volti 200. Swichi ikiwa kwenye 230, kapasita hizo hugawana volti 325, kila moja ikipata kama 163. Ikiwa kwenye 115, saketi hubadilika na kila kapasita hujazwa peke yake hadi kilele cha umeme unaoingia. Huko Marekani hilo ni sawa. Hapa, kila kapasita iliyoumbwa kwa volti 200 hupewa volti 325, na kwa pamoja hufikia 650. Kinachofuata husikika hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Baada ya mlipuko huo husemwa kwamba pawa saplai ilikuja mbovu kutoka dukani. Ilikuja nzima, ikingoja mtu wa kuisoma.

Hapo panafika swali la nani afungue kisanduku. Wapo walimu wanaosema kwamba kwa kuwa jambo hili ni la hatari, wanafunzi wasiruhusiwe kulisogelea kabisa. Wapo wengine wanaowaachia vijana wafungue kila kitu kwa imani kwamba udadisi ndio ualimu. Msimamo wa kwanza ni woga, na wa pili ni uzembe. Na kati ya hayo mawili uzembe ni mbaya zaidi, kwa kuwa hausahihishiki. Kapasita mbili za mikrofaradi 470 zilizofuatana zikiwa na volti 325 hubeba juli 12 hivi, na huweza kuendelea kuzibeba baada ya plagi kuchomolewa, hasa pale rezista ya kuziondoa inapokuwa imekatika. Kijana anayesema “nimeshachomoa” huenda anasema kweli, na bado akapigwa. Fundi mzoefu huziondoa chaji hizo kwa rezista ya omu 10,000 yenye uwezo wa kuvumilia wati 10 na zaidi, husubiri sekunde 12 au zaidi, kisha hupima kabla ya kugusa. Kupima ndiko kunakoamua, si kusubiri. Kazi hiyo ni ya fundi au mwalimu aliyefunzwa, akiwa na mtu wa pili chumbani. Mwanafunzi wa sekondari hana sababu ya kuingia upande wa volti 325. Mwanafunzi akijua hilo, mwalimu naye hana sababu ya kumzuia upande wa volti 48 akiwa ameelekezwa, kwa kuwa huko ndiko hesabu zote zilizotajwa zinakofanyika.

Fundi anayeiwasha kwa mara ya kwanza pawa saplai iliyotengenezwa hufanya jambo moja la busara la kuigwa. Huunganisha globu ya zamani ya uzi, ya wati 60 au 100, kwa kufuatana na njia ya umeme unaoingia. Ikiwa ndani bado mna njia ya mkato, globu itawaka kwa nguvu zote na kuukamata mkondo wote, na hakuna kitakacholipuka. Ikiwa pawa saplai ni nzima, globu itawaka mara moja kapasita zinapojaa, kisha itafifia. Hailingani na desturi ile nyingine, iliyoenea mno, ya kuweka uzi wa waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi iliyokatika. Fyuzi ni shahidi. Iliyokatika kwa mlipuko, kioo chake kikawa cheusi, inashuhudia njia ya mkato. Iliyoyeyuka taratibu, kioo kikabaki safi, inashuhudia mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu. Anayeweka waya mahali pake amemnyamazisha shahidi na kuuandaa moto.

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi ya yote haya ni ile ya bei. Husemwa kwamba pawa saplai mpya ni rahisi kuliko saa nyingi za fundi, hivyo ni bora kubadilisha na kuendelea na kazi. Hoja hiyo isibezwe. Kisanduku ambacho transista zake zimeungua na kuchoma nusu ya bodi hakistahili kutengenezwa na mtu asiye na vipuri, na aliyekwisha kupima na kuona kwamba mzigo wake ni mzima, viungo vimekaza, swichi iko kwenye 230 na mkondo uko ndani ya kikomo, anunue mpya kwa moyo mweupe. Yeye amebadilisha akijua anachokibadilisha. Lakini anayebadilisha kwanza, akatumaini baadaye, hulipa mara mbili, na kwa mwenye fedha kidogo mara ya pili ndiyo inayoifunga karakana. Mbali ya hayo, duka la vipuri haliko jirani kwa kila mtu. Kuna shule ambazo pawa saplai mpya iko umbali wa siku mbili za basi na muhula mzima wa barua za kuomba fedha.

Wakati mwingine kinachobadilishwa hakihusiki kabisa. Ruta inayosimama kila mota ya kisu inapowashwa, huku kompyuta ikisema imepoteza mawasiliano na bodi, mara nyingi husababisha pawa saplai ya volti 48 ibadilishwe. Bodi ya kuongozea, hata hivyo, mara nyingi hailishwi na kisanduku hicho. Hupata volti 5 zake kutoka katika kompyuta, kupitia kebo nyembamba ya USB iliyopita sambamba na waya wa mota ya kisu kwa urefu wa mita nzima. Kelele za umeme za mota huingia katika kebo hiyo, na bodi hupotea au hujianzisha upya. Tiba yake ni kuzitenganisha nyaya, kutumia kebo fupi iliyo nzuri, na kuhakikisha kwamba waya wa ardhi umefungwa kweli kweli. Aliyenunua pawa saplai mpya kwa ajili ya ugonjwa huu amemnunulia viatu mgonjwa wa macho.

Mwalimu anayetaka kuanza hahitaji kungoja ruta. Transfoma iliyofunikwa vyema, inayotoa volti 12 za mkondo geu, dayodi nne, kapasita mbili za mikrofaradi 1,000 zilizowekwa sambamba na globu ya gari ya wati 5 zinatosha kwa kipindi kimoja. Globu hiyo huvuta kama ampea 0.42. Kwa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, dayodi nne hujaza kapasita mara 100 kwa sekunde. Hivyo kuyumba kwa volti hukadiriwa kwa kugawa mkondo kwa 100 na kwa ukubwa wa kapasita, nayo ni kama volti 2.1 kutoka juu hadi chini. Umeme ukiwa umezimwa, kapasita moja iondolewe, kama kwamba imekauka kwa uzee. Kuyumba kutafikia volti 4.2. Globu itaendelea kuwaka, na macho ya darasa zima yatasema hakuna kilichobadilika. Multimita ikiwekwa kwenye volti za mkondo geu itasema vingine: mahali iliposoma kama 0.6 itasoma kama 1.2. Baadhi ya multimita za bei nafuu hudanganywa na mkondo mnyoofu zikiwa katika kipimo hicho, na njia ya kuzigundua ni kugeuza ncha. Somo likibadilika sana, multimita hiyo isitumike kwa kazi hii, na wanafunzi waandike katika madaftari yao kwamba chombo cha kupimia nacho kimepimwa.